Rumonge Ndogo ya Yaya Sakina

Siku ya arobaini ya Baba, wageni walipokwisha kula na kuondoka, tulifungua sanduku lake la kazi. Harufu ilitoka kabla ya kifaa chochote: pamba iliyolowa mawese, ikakaa humo ndani muda mrefu mpaka ikachacha. Dada yangu Sakina alirudi nyuma akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Mimi niliinama nikavuta pumzi mpaka mwisho, na nilifanya makusudi, ili aone kwamba harufu ile mimi naijua na yeye haijui. Mtu mzima, mama wa mtoto, siku ya arobaini ya baba yake, anashindana kunusa. Ndivyo nilivyo, sina cha kuficha. Wivu wangu kwa Sakina una umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na ulikomaa juu ya picha moja.

Baba alikuwa fundi wa boti hapa Rumonge, upande wa ziwa wanakoshushia samaki. Alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa Buyenzi, kule Bujumbura, kwa mama yake Sakina, ambaye tulimwita Mama Mkubwa. Ya pili ilikuwa hii yetu. Kwa kuwa kazi ilikuwa huku, huku ndiko alikolala siku nyingi, na Buyenzi alikwenda mara mojamoja na kwenye sikukuu. Mtu mwingine angesema sisi ndio tuliomfaidi. Mimi niliona kinyume. Niliona wao wamepewa Baba wa kanzu iliyopigwa pasi, anayenukia udi, na sisi tumebakiziwa yule wa vumbi la mbao kwenye nyusi. Sebuleni kwetu palikuwa na picha ya Idi, Baba amekaa kwenye kiti, Sakina amesimama ubavuni mwake kavaa gauni la njano lenye mikono iliyovimba. Aliyeitundika ni Mama mwenyewe. Alisema Baba ametoka vizuri. Mimi kila nikipita niliona gauni tu.

Baba alikuwa na desturi moja aliyofundishwa na mwalimu wake wa ufundi, mzee mmoja wa Uvira. Akimaliza boti mpya, kabla haijasukumwa majini, alikusanya vipande vya mbao vilivyobaki vya boti ileile akatengeneza nyingine ndogo, ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Hakuna alichoruka. Iliwekwa mbavu zake, vikalio vyake, na kwenye maungio ya mbao ilishindiliwa pamba yenye mawese ili isivuje, kama ile kubwa. Kubwa aliiita mama na ndogo aliiita mtoto. Mtoto alipewa mtoto wa mwenye boti, na siku ya kushusha, mama na mtoto waliingia ziwani pamoja. Wavuvi walipenda sana jambo lile, na wapo waliosema boti isiyo na mtoto haina haraka ya kurudi nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa namloweshea pamba. Nikitoka shule nilikwenda kwenye kibanda chake cha mabati, nikakaa kwenye gogo, nikachovya pamba kwenye kopo la mawese ya moto, nikaikamua, nikampa. Kwa hiyo kila boti ndogo iliyotoka pale ilipita mikononi mwangu ikaenda zake kwa mtoto mwingine. Habiba, binti wa tajiri mmoja wa samaki, alikuwa nazo mbili, na alizitumia kubebea majani ya sungura wake. Nililia siku niliyoona majani yale.

"Baba, na mimi ya kwangu?" nilimwuliza mara kwa mara.

"Sisi hatuna boti, mwanangu," alinijibu. "Mutoto bila mama ataenda wapi?"

Nilielewa. Sikupenda, lakini ilikuwa sheria, na sheria ilinihusu kama ilivyowahusu wengine. Niliweza kuishi nayo mpaka pale Sakina alipokuja.

Alikuja wakati wa vakanse kubwa, shule zimefungwa, akiwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, mimi nikiwa na minane. Alikuja na simu ya kioo aliyopewa na mjomba wake, na valizi ya nguo yenye magurudumu ambayo watoto wa mtaa waliikimbilia kuisukuma. Tulimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Jioni ile alifungua valizi akatoa lile gauni la njano, lile la kwenye picha ya Idi.

"Zuhura, ona. Hii ilinikatalia, nimekuwa mukubwa," aliniambia. "Sasa iko yako."

"Sema murakoze," Mama alinisukuma bega.

Nikasema murakoze. Gauni lilinikaa vizuri, ubaya wake hasa ulikuwa huo. Lakini halikuwa langu hata kidogo. Nilikuwa nalibeba tu mwilini, na kila aliyeniona nalo mtaani nilidhani anasema, yule kavaa gauni la Sakina. Mama alinilazimisha kulivaa hata kwenye kibanda cha Baba, ili mgeni asije akaona zawadi yake imetupwa pembeni.

Na Baba alibadilika. Alianza kurudi mapema. Alileta mukeke wakubwa wa kuchoma, samaki ambao siku nyingine aliwasifia sokoni na kuwaacha hukohuko. Alimwita "Saki". Mimi jina langu halikuwahi kukatwa, nilikuwa Zuhura kuanzia asubuhi mpaka usiku. Alimwuliza Sakina habari za masomo, za Mama Mkubwa, za majirani wa Buyenzi, na alisikiliza majibu yote amemkazia macho. Mimi alinisikiliza huku anapiga misumari. Nilikaa kwenye mkeka nikihesabu vipande vya samaki alivyomwekea, na siku zote vilikuwa vingi kuliko vyangu.

Mchana mmoja nilimkuta Sakina amekaa kwenye kivuli cha ukuta, ameshika simu karibu na uso, anatabasamu peke yake. Nilimjia kwa nyuma, miguu mitupu, nikachungulia begani.

Nilichokiona sijakisahau. Ilikuwa Rumonge, lakini ndogo. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mji wake hivyo. Mabati ya nyumba yalikuwa kama vibiriti vilivyopangwa. Michikichi ya upande wa juu ilikuwa vijiti vyenye manyoya, kijani kikali ambacho michikichi ya kweli haina. Dagaa walioanikwa mchangani, wale tunaowaita ndagala, walikuwa kama chumvi iliyomwagika, na wanawake waliowainamia walikuwa wadogo kiasi cha kuokotwa kwa vidole viwili. Pembezoni kote kulikuwa na ukungu. Katikati tu ndipo palipokuwa wazi, na pale katikati kulikuwa na boti juu ya magogo yake, kibanda cha mabati, na mtu mdogo kabisa mwenye shati la bluu, ameinua mkono. Ubavuni mwake alisimama msichana mdogo mwenye gauni la njano.

Sakina alishtuka, akaibana simu kifuani.

"Hee! Unachungulia nini?"

"Hiyo ni nini?"

"Ni Rumonge. Nzuri, eeh? Usimuambie Baba kwanza. Nataka kumuonyesha mimi mwenyewe, siku ya kurudi."

Siku hizi najua kilichofanyika, hata mwanangu anakijua. Unapiga picha kutoka mahali pa juu, unaiambia simu itie ukungu juu na chini, iache mstari mmoja tu ukiwa wazi, unakoleza rangi, na macho yanadanganyika yakadhani yametazama kitu kidogo kwa karibu. Mji mzima unageuka kichezeo. Lakini wakati ule sikuwa na jambo lolote la kunieleza kile nilichokiona, isipokuwa moja. Duniani nilimjua mtu mmoja anayetengeneza vitu vidogo vinavyofanana na vikubwa kwa kila kitu, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Mbona ilikuwa wazi. Alikuwa amemtengenezea Sakina Rumonge nzima. Wakati mimi naambiwa hatuna boti, yeye amechongewa mji, na mabati, na michikichi, na ziwa. Na Baba akajichonga na yeye mwenyewe, akajisimamisha pale, na ubavuni mwake akamweka Sakina na gauni lake la njano, vilevile kama kwenye picha ya Idi. Mimi hakuniweka. Niliutafuta uso wangu kichwani, kwenye ile picha niliyoiona kwa kupepesa jicho, kwenye wale wanawake wa ndagala, kando ya kibanda, kwenye gogo ninalokaaga. Sikuwapo.

Nilipima valizi kwa macho nikaona haiwezi kuingia mji. Basi ulikuwa Buyenzi, chini ya kitanda, juu ya ubao mpana. Usiku nilimwona Sakina akilini amelala kifudifudi anasogeza boti kwa kidole. Anawasogeza wavuvi. Halafu anamsogeza Baba, anampeleka anakotaka yeye, na Baba anakwenda. Wivu ule ulinikaa hapa, chini ya mbavu, ukaninyima hamu ya ugali.

Nilivumilia nilivyoweza, ambayo si kwa muda mrefu. Siku moja kibandani niliacha pamba ndani ya kopo nikamwuliza.

"Baba, na mimi utanitengenezea Rumonge lini?"

Alikuwa ameshika misumari kwa midomo. Akaitoa.

"Rumonge? Si hii hapa?" Akazungusha nyundo, kutoka michikichi ya njia ya Kizuka mpaka majini. "Yote iko yako."

Niliona ananicheka. Nilianza kulia, kilio cha hasira, nikasema maneno yote kwa pamoja, kwamba Sakina amepewa na mimi sikupewa, kwamba Saki, Saki kila siku, kwamba mimi ndiye niliyelowesha pamba zote na sina hata boti moja. Sidhani kama alielewa habari ya mji. Alielewa mwisho tu, ile habari ya boti. Alinitazama kwa muda, misumari mkononi, halafu akasema, "Pamba inaungua," na nikaichukua.

Siku zilizofuata alianza tena kuchelewa kurudi. Halafu akaja na kitu alichokifunga ndani ya shati lake la kazi, akakiweka mapajani mwangu. Ilikuwa boti ndogo. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kuziona zikitoka mkononi mwake, kwa sababu hakuikimbiza ili boti kubwa ishushwe. Mbao zake zilikuwa za rangi tofautitofauti, vipande vya boti nyingi alizozimaliza zamani. Mafundi wenzake walikuwa wamemfuata mpaka mlangoni kwa kumtania.

"Fundi, umevunja masharti! Mama yake iko wapi?"

"Atakuja," alisema Baba. "Mama yake atakuja."

Kitu hicho nilikitaka tangu nilipoanza kusema. Na sasa kimewekwa mapajani mwangu, kinanukia mawese, nilikigeuzageuza nikatazama chini yake, nikatazama ndani ya shati.

"Na nyingine?" niliuliza.

"Nyingine gani?"

"Na manyumba. Na michikichi."

Mama alinifinya. Nikasema murakoze. Baba alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyekosea njia na hajui ni kona gani. Sakina alikuwa amekaa mbele yangu. Aliitazama boti kwa namna ambayo niliitafsiri palepale kuwa dharau. Nilidhani anasema moyoni, masikini, kapewa kipande kimoja cha mji wangu.

Asubuhi ya kuondoka, gari la Bujumbura likisubiri barabarani, Baba akiwa amekwisha kuipeleka valizi, Sakina aliinama mbele yangu.

"Zuhura, nishike kidogo? Ile boti yako."

"Uko na Rumonge yote," nikamwambia. "Unataka na boti yangu?"

Alimwangalia Mama, akaniangalia mimi, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa na hajaelewa kosa. Halafu akaenda. Sijui kama alimwonyesha Baba ile picha. Hatukuzungumza tena juu yake. Tulikua tukawa ndugu wa salamu, amahoro yaya, amahoro Zuhura, kwenye harusi na kwenye misiba, na gauni la njano liliishia kuwa tambara la kupangusia meza.

Basi siku ya arobaini, sanduku likiwa wazi na mimi nikijigamba kwa pua yangu, Sakina alikaa sakafuni. Alitoa simu. Akasema ana picha moja ya Baba akiwa kazini, ya zamani, ameihamisha simu hadi simu asiipoteze, na hajawahi kumwonyesha mtu.

Niliijua kabla hajaigeuza kwangu. Mabati ya vibiriti, ukungu pembeni, shati la bluu.

"Huyo ni wewe," nilisema, nikiweka kidole kwenye gauni la njano. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mimi? Mimi ndiye nilipiga foto. Zuhura, ule ni wewe! Ona pamba mukononi."

Alivuta picha kwa vidole ikakua. Msichana mdogo alikuwa ameinama, na kwenye vidole vyake palikuwa na kitu cheupe. Nilitazama mguu wake mmoja uliokunjwa juu ya mwingine. Mimi mpaka leo nasimama hivyo. Miaka yote ile nilikuwa nimemwonea wivu mtoto mmoja aliyesimama karibu na Baba kuliko mtu yeyote duniani.

Nikamsimulia yote, mji chini ya kitanda, Baba anayesogezwa kwa kidole. Sakina alicheka mpaka mtandio ukaanguka, na kucheka kule kukageuka katikati, akawa analia.

"Ungejua," alisema. "Mimi nilikuwa juu ya etaje ya watu, ghorofa haijaisha, niko nimekanyaga matofali. Nyinyi muko chini. Unamupatia pamba, anaipokea bila kukuangalia, kama mukono wake mwenyewe. Mimi ananiuliza masomo, ananiuliza Mama, kama muntu wa wageni. Nikasema basi, acha niwafanye wadogo, niwabebe mpaka Buyenzi."

Ningepaswa kumkumbatia, na nilimkumbatia, lakini baadaye. Kwanza nilikuwa nimeona kitu kingine. Baba kwenye picha hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinua uso na mkono, anatazama juu.

"Anakutazama wewe," nilisema.

"Alikuwa anapiga makelele! Saki, shuka, utaanguka! Hata nyumbani aliniongelesha vibaya, ndiyo sababu sikumuonyesha foto."

 Mimi Baba hakuwahi kunipigia kelele nishuke mahali popote, kwa kuwa sikuwahi kuwa mbali naye kiasi hicho. Na pale sakafuni, wote wawili tukiwa hatuna tena wa kutupigia kelele, nilimwonea wivu hata kwa zile.

Mama alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni. Alikwenda chumbani akarudi na boti. Kwa miaka mingi alikuwa ameigeuza chombo cha sindano na nyuzi. Alizimwaga kwenye kiganja, akaipangusa kwa khanga, akaiweka kati yetu. Sakina hakuigusa. Aliniangalia.

"Nishike kidogo?" aliuliza, na alikuwa mwanamke mzima, mwenye pete na mvi mbili za mapema.

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye maungio, akainusa. Safari hii hakuziba pua.

"Twende," alisema.

Tulishuka mpaka ziwani, alasiri, pale kilipokuwa kibanda. Maji yalikuwa yametulia, na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Sakina aliiweka boti kwenye kina kifupi, pale maji yanapolamba mchanga, halafu akafanya jambo ambalo liliwafanya wauza samaki wasimame kutazama. Alilala kifudifudi mchangani na nguo zake za arobaini, akalaza simu karibu kugusa maji, akapiga picha.

Akanyanyuka amejaa mchanga, akanipa nione.

Kwenye kioo hapakuwa na kitu kidogo. Palikuwa na boti kubwa, pana, mbao zake za rangi nyingi zimeshiba mawese, wimbi limejikunja ubavuni mwake, na milima ya Kongo imesimama nyuma kwa ukubwa wake halisi. Ungesema inasubiri watu kumi wapande. Nilitazama chini, ile ndogo ilikuwa inagongagonga kwenye kidole changu cha mguu. Nikatazama tena kioo.

"Mama yake," nilisema.

"Amekuja," alisema Sakina.

Tulisimama pale bila haraka, maji yakiingia viatuni. Halafu nikaona simu inarudi mfukoni mwake, na kitu kile cha chini ya mbavu kikaamka, kizima, kama hakijawahi kulala.

"Nitumie," nikamwambia. "Nitumie sasa hivi, yaya, mbele yangu. Usinifanye nilale leo nikijua wewe unayo na mimi sina."